Tangi la Samaki la Dada Nekesa

Nitaanza na waliokuwepo, ili mjue habari hizi ni za nani. Alikuwepo baba yetu, Wekesa, seremala katika karakana ya reli. Alikuwepo mama, Nafula, ingawa mtaa mzima wa Kaloleni ulimwita Mama Nekesa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwepo huyo Nekesa mwenyewe, dada yangu, na mimi Nanjala, niliyemfuata kuzaliwa. Mlango wa pili alikaa Mama Wanjiru, mtu wa Murang'a, muuza sukuma wiki, aliyetuosha na kutuchapa kama watoto wake. Kulikuwa na Bwana Fernandes, Mgoa, mkubwa wa baba kazini. Na kulikuwa na Bwana Mutiso, bwana afya, ambaye nitamfikia. Jamaa zetu wengine wote walikuwa Bungoma, hawakujua lolote. Kitu ninachokumbuka kabla ya sura za hao wote ni harufu ya mchanga uliolowa ndani ya nyumba, harufu ya mtoni, mahali ambapo hapakuwa na mto.

Mwaka ule Nekesa alikuwa haendi shule. Ilianza koo kuuma, halafu viungo vikavimba, na siku alipopelekwa hospitali daktari akasema ugonjwa umefika kwenye moyo: asikimbie, asiruke kamba, asibebe hata ndoo ndogo. Mama akasogeza kitanda dirishani ili aone watu. Kosa lilikuwa hapo, kwa maana watu wenyewe tulikuwa sisi. Tulicheza kati nje ya dirisha lile, wawili wanarusha mpira na mmoja katikati anaukwepa, na tulipiga kelele zile za watoto wenye mapafu mazima. Siku moja Nekesa akamwambia mama, "Geuza kitanda nitazame ukuta." Mama aligeuza. Baba aliporudi kazini akamkuta mtoto anatazama ukuta, hakula chakula chake. Aliuliza, "Unataka tukuwekee nini hapo ukutani?" Nekesa akasema, "Kitu kinachotembea, lakini kisichoniita niende nacho."

Baba alikizungusha kichwani kitu hicho muda mrefu. Kumbe Bwana Fernandes alikuwa anafunga mizigo, anahama nchi na jamaa yake yote, na nyumbani kwake Ngara alikuwa na tangi la vioo lenye samaki wadogo wekundu. Akamwambia baba, chukua, nitampa nani mwingine? Samaki akawatia ndani ya beseni kubwa la kuogea, na maji yao yale yale ya zamani, wakae humo hadi siku yake ya kusafiri. Tangi baba alilileta kwa mkokoteni, limefungwa na gunia, na mtaa ukatoka kuangalia. Mama Wanjiru alilizunguka, akasema, "Sasa Baba Nekesa, samaki utamlisha, utamwogesha, na mwisho humli? Huyo si samaki, ni mgeni."

Masharti ya Bwana Fernandes baba aliyarudia kama mtu anayekariri sala. Tangi lisiguswe na sabuni. Mchanga uoshwe hata maji yatoke meupe. Maji yajazwe, kisha yaachwe, yasiguswe, Jumapili hadi Jumamosi, kwa sababu maji ya bomba yana dawa, na dawa hiyo inatuulia vijidudu sisi tukashukuru, lakini samaki inamchoma ndani. Yapumzike, dawa ipae. Ndipo samaki waingie. Kuosha mchanga ilikuwa kazi yangu. Baba aliutoa kule Mbotela walikokuwa wanajenga, na mimi niliuosha kwenye karai pale bombani, namwaga, natia maji mengine, namwaga, wanawake wa foleni wananisonya. Mwishoni nilitia mkono ndani ya karai nikaona kucha zangu. Nikajua umetakata. Jumapili tulijaza. Nekesa akaomba kitanda kisogezwe, na wiki ile yote alilala ubavu mmoja akitazama maji ambayo hayakuwa na kitu. Nikitoka shule ananiambia, "Leo kuna mapovu madogo kwenye kioo. Nadhani ndiyo dawa inatoka." Alikuwa ameanza tena kula.

Sasa lazima niwaeleze bwana afya, maana watoto wa siku hizi hawamjui. Bwana afya alipita mitaani na kofia yake na rungu fupi, akitafuta maji yaliyosimama, kwa ajili ya mbu. Kopo, gurudumu bovu, karai, chochote chenye maji ya jana kilikuwa na kesi. Mama Wanjiru alikwisha kupelekwa kortini kwa ajili ya gurudumu ambalo hata halikuwa lake. Kwa hiyo mtaa ulikuwa na desturi. Mtoto wa kwanza kumwona alipiga kelele, "Bwana afya anakam!" na kelele ikapokewa nyumba hadi nyumba, na wanawake wakaacha walichoshika wakamwaga kila kitu. Ukimaliza kwako unakimbilia kwa jirani. Ndivyo tulivyolindana. Sijaona tena mahali watu wanalindana namna ile.

Jumamosi asubuhi, baba yuko kazini na akitoka huko anapitia Ngara kuchukua samaki, ile kelele ikapigwa. Mama alikuwa nyuma anafua. Mama Wanjiru aliingia kwetu bila hodi, sufuria mkononi, na nyuma yake wanawake wengine wawili wa safu yetu. Nilisimama mbele ya tangi. Nekesa akapiga kelele kutoka kitandani, "Msimwage! Maji yanapumzika!"

"Yanapumzika?" Mama Wanjiru akasema huku anachota. "Yamefanya kazi gani? Sogea, Nanjala, unataka mama yako alale ndani?"

Mama alifika mlangoni na povu mikononi. Alimtazama Nekesa, akatazama nje, akasikia sauti za watu wakisalimia kwa adabu kule mwanzo wa safu, yaani mwenyewe amefika. Mtu asiyemjua mama yangu angesema hakujali. Alijali. Lakini alikuwa mwanamke aliyekuja mjini na woga wa serikali, na akiwekwa ndani siku mbili ni nani angemgeuza Nekesa kitandani? Alichukua karai akasaidia kumwaga. Na Bwana Mutiso siku ile, nawaambieni ukweli, hakufika hata kwetu. Alinywa maji kwenye nyumba ya kona akarudi alikotoka.

Basi wakajaza tena, kwa upendo ule ule, kila mmoja na ndoo yake kutoka bombani. Maji yalikuwa meupe kuliko ya kwanza. Mama Wanjiru akafuta kioo kwa ncha ya leso, akarudi nyuma akatazama, akasema, "Ona sasa. Hata mimi ningeingia."

Baba alikuja mchana amebeba kopo kubwa kifuani, anatembea kama mtu aliyebeba uji wa moto. Samaki walikuwa humo wamebanana, midomo juu, wanagongana. Nilimwambia pale pale mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimengoja tangu asubuhi kumwambia. Hakugombana na mtu. Aliweka kopo chini, akakaa kwenye kiti, akauliza, "Yote?" Mama akajibu, "Yote, Baba Nekesa." Akainuka na ndoo tupu akarudi Ngara kuomba maji ya lile beseni. Huko alikuta mlango umefungwa, familia imekwenda zake, na mtunza bustani amemimina yale maji kwenye maua. Alituambia aliporudi. Alisema alisimama akatazama udongo.

Sisi nyuma hatukukaa bure. Mama Wanjiru alipoelewa alichofanya alishika kichwa, kisha akashika sufuria. Alisema dawa ni kitu cha kupaa, na kitu cha kupaa kinatolewa kama unavyopoza uji: unamimina kutoka juu, sufuria hadi sufuria, upepo upite katikati. Wanawake wale wale wa asubuhi wakaja. Walijipanga kwenye baraza letu wakimimina maji ya tangi kutoka juu ya vichwa vyao hadi chini, nguo zimelowa, hakuna aliyecheka. Nekesa alikuwa anatuhesabia samaki waliobaki wima ndani ya kopo. Baba aliporudi na ndoo yake tupu tukawa hatuna njia. Kwenye kopo wanakufa kwa kukosa hewa, kwenye tangi labda. Akawaingiza. Waliteremka vizuri, wekundu, mmoja akapita karibu na kioo mbele ya uso wa Nekesa naye akatabasamu. Tukasema pengine. Tulipokuwa tunatoa vyombo vya chakula cha jioni wote walikuwa wamelala juu ya maji, na Mama Wanjiru alikuwa amekaa kwenye ngazi yetu, hataki kwenda kwake.

Mama alitaka kulimwaga tangi kesho yake. Nekesa akakataa. Akasema, "Yaacheni yapumzike vizuri, halafu tutaona." Baba aliuliza samaki kila alikojua, hakupata. Maji yakakaa. Baada ya muda kukaanza kuwa na vitu ndani, vidogo kama nyuzi, vinapinda na kunyooka, vinapanda juu kuvuta hewa na kushuka tena. Nekesa aliviona kabla yetu. "Nanjala, njoo, vinatembea!" Vilikuwa viluwiluwi vya mbu. Mama alivitambua mara moja. Akafunika tangi kwa kitambaa chepesi, akakifunga kwa kamba pande zote mbu asitoke. Mama yule aliyeogopa kopo.

Bwana Mutiso alipokuja safari nyingine, kelele ilipigwa kama kawaida na wanawake wakamwaga vyao, lakini hakuna aliyeingia kwetu. Aliingia yeye. Alikuwa mtu mrefu, alivua kofia kwa sababu ya dari. Alitazama tangi, akainama, akatazama sana. Kisha akamtazama Nekesa, aliyekuwa tayari amevimba miguu. "Ni wako?" akamuuliza. Nekesa akasema, "Ndiyo. Wanapiga kichwa chini kama wanaswali." Bwana Mutiso akamgeukia mama. "Mama, hawa siwezi kuwaacha. Huyu mtoto akipata malaria na moyo huo..." Mama akasema, "Najua." Baba hakuwepo, na hata angekuwepo asingemzuia. Yule bwana aliweka rungu mlangoni, akakunja mikono ya shati, akaomba karai. Alichota maji yale yeye mwenyewe, kidogo kidogo, na kila karai alilionyesha kwanza kitandani kabla ya kulitoa nje.

Dada Nekesa hakuifikia Krismasi ile. Tulimpeleka Bungoma.

Leo nakaa Komarock kwa mjukuu wangu. Mwezi uliopita mkewe, Achieng', aliwanunulia watoto tangi la samaki, na mimi nilipoona anajaza maji ya bomba nilisimama nikamwambia, mwanangu, ngoja wiki. Akacheka kwa heshima, akasema, "Siku hizi hatungoji, nyanya." Akatoa kichupa, akadondosha matone, akakoroga kwa kijiko. Dawa imekwisha, akasema, na kabla chai yangu haijapoa samaki walikuwa ndani wanaogelea. Watoto walitazama kidogo wakarudi kwenye simu zao. Nilimwomba Achieng' anipe kile kichupa nikishike. Kinaingia chote ndani ya kiganja.

Shule yangu iliishia darasa la nne na mambo haya ni ya zamani. Ikiwa yuko aliyekaa safu ile ya Kaloleni, au mtoto wa Mama Wanjiru, akaona nimekosea siku, au rangi ya samaki, au aliyepiga kelele kwanza, tafadhali anisahihishe. Nitafurahi tu kujua yuko mwingine anayemkumbuka Nekesa.