Nilifunga macho, nikarudi shimoni

Leo hapa Kasongo nimepiga kelele katikati ya watu waliokaa kimya.

Iko watafiti wanafundisha watu kutafakari, waone kama akili inabadilika. Nikajiandikisha.

"Fungeni macho, mufuate pumzi," mama Zaina, mwalimu wetu, akasema. Kisha akafunga mulango.

Ndugu zangu! Nikarudi Salamabila, mule shimoni mwa dhahabu, siku udongo uliponifunika. Nikatafuta pumzi ya kufuata, sikuipata. Wenzangu wametulia, naona haya kusimama.

"Fungua mulango!" nikapiga kelele.

Macho yote kwangu.

Mama Zaina akafungua mbio. "Pole, baba. Hii pia tutaiandika kwenye utafiti."

Muzee mwenye duka, aliyekaa kando yangu, akanishika mukono. "Asante. Nilitaka kutoka tangu mwanzo, nikaogopa watu."

Ninyi mukifunga macho, munafika wapi?