Mkono Niliouvunja kwa Ajili ya Kuni

Baba yangu alikuwa akichemsha chikichi nyuma ya nyumba, karibu na Mwandiga, kwenye pipa lililokatwa nusu, ili tupate mawese ya kuuza. Kazi yangu ilikuwa moto tu. Siku moja niliuacha ukazimika kwa sababu nilikwenda kutazama nyoka waliyemuua majirani, na nyoka mwenyewe wala hakuwa mkubwa. Baba alinichapa kwa bua la kuti la mchikichi, lile lenye miiba. Kipande cha mwiba kimo mgongoni hadi leo, mke wangu anadhani ni kipele. Baba hakuwa mtu mbaya. Kanisani alikuwa akiimba sauti nene mpaka watu wanageuka. Ila kuni alizionea uchungu kuliko sisi watoto.

Labda ndiyo maana nilipokuwa mtu mzima, kijiji nilichohamia huko juu milimani kilipotaka mgambo wa kulinda msitu, nilikuwa wa kwanza kwenda. Darasa la pili ndilo nililoishia, lakini fimbo niliijua vizuri.

Hiyo ni miaka ya wakimbizi. Kambi ya Warundi ilikuwa ng'ambo ya kijito. Walikuwa wakipewa mahindi na maharage, lakini cha kupikia hawakupewa, na maharage makavu yanavyokula kuni kila mwenye chungu anajua. Kwa hiyo wanawake wao walivuka kuja msituni kwetu. Tulikuwa mgambo watatu. Tukimkuta mmoja tunakata kamba ya mzigo wake, tunachukua panga lake, tunampiga. Sitasema tulipiga kidogo. Mwenzangu mmoja alipenda kuwapiga nyayo ili wasirudi. Zile kuni tulizibeba kwetu, tukapikia.

Wengi walitupa mzigo wakakimbia. Mama mmoja hakuuachia, aliukumbatia. Nikampiga mkononi, nikapiga tena mahali palepale. Watu husema mfupa hulia kama kijiti kikavu, hawajausikia. Unalia chinichini, kama jiwe lililodondoka kwenye tope. Nikachukua mzigo, nikaenda.

Mwaka uliofuata likaanza kuja lori la kuni za msaada, kila wiki, kwa kaya maskini za kambini na za kijijini pia. Hazikutosha wote, kwa hiyo waliandikwa vikongwe, wenye watoto wachanga, na walioumizwa msituni. Siku ya kuandikisha, watu waligombania nafasi mpaka mtu akang'atwa sikio. Mimi nikawekwa kulinda foleni, na fimbo ileile.

Yule mama akafika mezani. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Karani, kijana wa mjini, akamwuliza, "Mama, mkono umefanyaje?"

Mama akaitazama fimbo yangu. "Nilianguka, mwanangu."

"Msituni?"

"Nyumbani. Kwenye utelezi."

"Aa, pole. Hizi ni za walioumizwa msituni. Anayefuata!"

Bila kuandikwa, angerudi msituni na mkono mmoja, na wenzangu wawili walikuwa bado wakiulinda. Ningependa kusema nilimhurumia. Kweli ni kwamba yule kijana alisema "anayefuata" kama anafukuza kuku, nikachukia.

"Niliyemvunja ni mimi," nikasema.

"Afande, acha utani, jua kali."

"Kwa fimbo hii hapa. Tena msituni. Andika!"

Mama alikuwa ameshageuka kwenda zake, lakini jina karani alikuwa nalo, akaandika. Alipofunika tu kalamu, sufuria ikanipiga kisogoni, kisha wanawake wakaja wote, ngumi, mawe, kucha. Wenzangu wawili, waliokuwa wakilinda lori siku hiyo, walinichomoa mle, nikadhani wananiokoa. Wakanipeleka nyuma ya ofisi ya kijiji.

"Umetuuza kwa Warundi, mbwa wewe!"

"Sikuwataja!"

"Kesho utatutaja!"

Meno mawili yalibaki pale. Mmoja aliruka juu ya mbavu zangu kwa miguu yote miwili, na yeye ndiye niliyemsimamia harusi.

Walipochoka nikajikokota hadi kwenye lori, nikabeba mzigo wa yule mama, nikaupeleka kwake kambini nikitema damu njia nzima. Nilimkuta mlangoni anachambua maharage kwa mkono ule mzima.

"Weka hapo," akasema.

"Mama, naweza kukuletea kila wiki."

"Jina langu limeandikwa?"

"Ego," nikaitikia kwa lugha yao, "limeandikwa."

"Basi nitamtuma mtu. Wewe usije tena."

Akaendelea kuchambua. Fimbo yangu ilikuwa ya mti mkavu, nikailaza juu ya zile kuni. Nyumbani nilikuwa na kofia ya mgambo na kuku wanne. Sikupitia. Nikashika barabara ya Mwandiga, nikashuka hadi Ujiji, na kule kijijini sijarudi.