Tulikuwa Watatu Tu

Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha shaba kule Panda, na Kifaransa chake kilitosha kusoma vibao vya hatari tu. Mimi masista walinifundisha. Kwa hiyo riwaya za upelelezi nilizisoma mimi, nikamsimulia yeye, na Jumapili baada ya misa yeye akawasimulia majirani uani kwetu kwa Kiswahili. Ulimi alikuwa nao, jamani! Mpelelezi wa Ulaya alikula bukari, ugali wetu, na kumdanganya mkewe kama mtu yeyote wa kambi yetu ya wafanyakazi.

Ila mwisho nilimficha hata yeye. Ndivyo tulivyopatana. Alisimulia mpaka mambo yakaiva, kisha akanigeukia: "Mama ya batoto, muuaji ni nani?" Majirani wabishane kwanza, ndipo niseme. Nilikipenda kile kinywa chake kilichobaki wazi. Siri nyingine hatukuwa nayo, au ndivyo nilivyoamini.

Jumapili moja mvua ilinyesha vibaya, akaja jirani mmoja tu, mtani wa mume wangu. Koo zao zilitaniana tangu mababu. Angeweza kumtukana mume wangu mbele ya wakwe na asikasirike mtu. Tulikaa ndani, watatu tu. Hadithi ilikuwa ya askari wawili marafiki, na kuna aliyewauza kwa majambazi. "Nani amebauza?" mume wangu akauliza. Mtani akanyoosha kidole, akagusa kifuani kwa mume wangu ile beji yenye picha ya mkubwa wa nchi, ambayo kila mfanyakazi alipaswa kuivaa. "Si huyu hapa! Samaki inaozaka kichwa." Tulicheka mpaka machozi.

Wiki haikuisha, watu wa usalama wakamchukua yule mtani kazini. Hakurudi. Mkewe alikuja mlangoni kwetu, akakataa kuingia. "Mulikuwa batatu," akasema. "Bwana yangu hakujiuza mwenyewe." Baadaye alitolewa kwenye nyumba ya kambi, akapanda lori na watoto wake, hata kuaga hakutuaga.

Mimi nilijua sikusema. Basi alibaki nani? Nilimtazama mume wangu akinawa kabla ya kula nikajiambia, Yezu wangu, nalala na mtu gani? Nikamtegea kama vitabuni: nikamdanganya kwamba kaka yangu amemtukana huyohuyo mkubwa wa nchi, nikangoja. Hapakutokea kitu. Nikasema, ah, mjanja huyu, amenusa mtego. Kumuuliza sikumuuliza. Ungeuliza wewe? Mtu akishamuuza rafiki, atashindwa kumuuza mke?

Naye akabadilika. Habari za kazi hakuleta tena, vitabu hakuviulizia. Nikaona hatia imemfunga mdomo. Walipompandisha cheo na kumhamishia kwenye mitambo ya umeme ya Koni, majirani walinong'ona kwamba ndiyo malipo yake. Nilifunga vyombo bila neno. Tulizaa watoto wengine hivyohivyo, usiniulize vipi.

Miaka ikaenda. Kifua kikamwangusha. Mchana mmoja nilimpelekea uji, akanishika mkono, jambo aliloliacha zamani. "Mama ya batoto, ile maneno ya mutani yangu, minye nilikusamehe kitambo. Weye uliogopa juu ya batoto."

Bakuli likanitoka. "Minye? Minye ndiye nilisamehe weye!" Na hata huo ulikuwa uongo. Sikuwa nimemsamehe kamwe.

Akanitazama sana. "Hata leo unanificha, mama?" akasema, akageukia ukuta. Nililia, nikaapa kwa Bikira na kwa tumbo lililozaa watoto wake. Nami, Mungu anirehemu, katikati ya machozi hayo bado niliwaza kwamba ananichezea mchezo wa mwisho. Siku chache baadaye akafa.

Kwenye kilio walikuja mafundi wa zamani wa Panda. Mmoja alikuwa akiwachangamsha wafiwa kwa kumbukumbu za marehemu. "Na mutani yake, yule walimukamata!" akasema. "Lundi asubuhi, kisha Jumapili, alipita kila mashine, anagusa kila muntu kifua, anarudilia ile maneno ya beji. Kiwanda nzima ilicheka. Bakubwa nabo walikuwa pale, wanasikia."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akidhani nimependa.

Mtani akipata utani mtamu haulazi, atauzungusha mji mzima. Nani katika nchi ile hakulijua hilo? Mume wangu alilijua, mimi nililijua, na hatukulifikiria hata siku moja, kila mmoja alikuwa ameshapata muuaji wake kitandani. Nikainuka nikamwambie mume wangu. Nilifika mlangoni kabisa, jina lake liko mdomoni. Ndani walikuwa wanamvisha viatu vya kuzikiwa.