Nyasi Zilizogeuka Kuni

Bado nakumbuka siku Koko alipotafuna nyasi zangu akazitema. Ilikuwa kule Kisaju, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, niko na ng'ombe mmoja, Namunyak, na ndama wake wa wiki tatu.

Majirani walikuwa wamekata nyasi za kuweka akiba zikianza tu kutoa maua. Nikawacheka. Si waziache zirefuke? Tamaa mbele, mauti nyuma! Mimi nilikata zangu zikiwa zimenifika kifuani, ghala likajaa, nikaringa.

Kiangazi kikaja. Namunyak anakula kutwa, lakini mbavu zinahesabika. Maziwa yakakatika, ndama akashindwa kusimama. Nililia, na sikuona aibu.

Ndipo Koko, nyanya wa Kimaasai wa boma la jirani, akaingia. Akavunja bua, akatafuna, ptuu!

"Mama, hii si majani. Unalisha ng'ombe kuni."

"Lakini Koko, si anashiba?"

"Anajaa. Hashibi."

Akaniletea gunia la matunda ya mgunga, mali yake mwenyewe, kwenye ukame ule. Namunyak akapona, maziwa yakarudi. Ndama hakuyangoja.

Miaka baadaye mjukuu wa Koko, mwalimu wa bayolojia huko Kajiado, alinieleza sababu. Ndani ya kila seli ya nyasi mna jeni, yaani maagizo. Maua yakikaribia, baadhi ya jeni hizo zinaamka kwa nguvu, zinaagiza vimeng'enya vitengenezwe. Vimeng'enya hivyo ndio mafundi: kimoja kinabadilisha malighafi kidogo, kinampa mwenzake, mpaka inatoka lignini, kitu kigumu kinachoshika kuta za seli. Bila hiyo bua halisimami wala kupandisha maji. Lakini tumbo la ng'ombe haliiwezi, nayo inamfungia chakula kingine ndani. Ajabu gani hiyo! Nyasi zilijua saa yao. Mimi sikuijua yangu. Na Koko, ambaye hakuona darasa, aliisoma kwa meno.

Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Ukiona watu wanafanya jambo usilolielewa, uliza kabla ya kucheka, na uulize mapema. Mimi nilijibiwa vizuri sana, ila nilikuwa nimechelewa.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na akupe jirani asiyeogopa kukukemea.