Kuku Anatafunia Wapi?

"Kuku hana meno. Sasa niambie, anatafunia wapi?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kambi ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile ya thelathini. Aliyeuliza alikuwa Mpishi Mkuu, Mwislamu wa Tabora, ambaye kanzu yake haikuwa na doa hata akitoka jikoni. Nilirudia shikamoo yangu. Nilitazama chini.

"Shikamoo unaijua," alisema, "lakini kuku humjui. Haya, banda lile pale. Wako kumi na wanane. Mayai ni ya wagonjwa wa hospitali ya kambi, si yako wala yangu. Kuku wakianza kufa mkononi mwako, unafunga mzigo, unarudi kwenu."

Kwetu ni Kharumwa, na huko baba yangu mdogo alikuwa amekwisha kunitafutia mume, mzee mwenye wake wawili. Baba mdogo alikubali nijaribu kazi kwanza kwa kuwa aliamini nitashindwa. Kwa hiyo wale hawakuwa kuku tu.

Vijana wa leo watashangaa kwamba binti wa kijijini hakuweza kujibu swali lile. Nyumbani kwetu firigisi, ile nyama ngumu ya mviringo iliyo tumboni mwa kuku, ilikuwa ya baba. Aliipasua mwenyewe, akaichoma, akaila. Nilipouliza kwa nini, mama alisema mwanamke akiila atakuwa mbishi. Mimi sikuwahi kuionja wala kuona ndani yake, na nilikuwa mbishi tayari, basi sababu ile sikuiamini.

Mwezi wa tatu ikatoka amri. Uvumi ulikuwa umeenea kambini kwamba kuku wanaodonoa changarawe ya mgodi humeza dhahabu, na majogoo wawili walikutwa nyuma ya ghala wamepasuliwa, nyama imeachwa, firigisi hazipo. Meneja akaagiza kuku wote wafungiwe kwenye banda la sakafu ya saruji, na mtu asionekane akibeba mchanga wa aina yoyote ndani ya kambi.

Mpishi Mkuu aliipenda amri hiyo. "Huo ndio usafi," alisema. "Kila siku nakuta mawe matumboni mwa kuku ninaochinja. Uchafu mtupu."

Nami nikafagia saruji ile asubuhi na jioni, nikiokota hata kijiwe cha ukubwa wa punje ya ulezi. Chakula kilikuwa mahindi makavu, na majani niliyowakatia. Nilijivunia banda langu.

Baada ya wiki kadhaa kuku wakaanza kusimama wamekunja shingo, hawataki kula. Nilipowashika chini ya shingo, penye gole, yaani mfuko ambao chakula hukaa kabla ya kushuka tumboni, nilikuta pamejaa. Kuku mzima huamka gole likiwa tupu. Magole ya hawa yalikuwa magumu kama ngumi hata alfajiri. Nikafikisha kuku mmoja jikoni amekufa.

"Mmoja," alisema Mpishi Mkuu.

"Sikufanya uzembe, Baba."

"Shahidi ni kuku, naye hasemi."

"Basi niruhusu nimpasue, aseme."

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Wasukuma nyie! Anataka kumhoji maiti! Mpasue, lakini mbali na jiko langu. Huo ni mzoga."

Nilimpasua chini ya mkwaju. Gole lilikuwa na mahindi mazima na majani yaliyosokotana kama kamba. Firigisi ilikuwa laini, na ndani yake mahindi yaleyale, mazima. Jioni hiyo mama mmoja wa Bugarama alileta kuku wa kienyeji kuuza jikoni, nikaomba kumsafisha mimi. Firigisi yake ilikuwa ngumu, imejaa vijiwe, na mtama uliokuwa katikati ya vijiwe ulikuwa umesagika kuwa unga.

Nilikaa na firigisi mbili mikononi. Huyu mwenye "uchafu" alikuwa na afya. Yule msafi amekufa. Lakini kuku wawili ni ushahidi mdogo. Huenda wa Bugarama alikula tu mtama laini.

Kesho yake akaugua kuku mwekundu aliyetaga kuliko wote. Mpishi Mkuu alikuwa amempa jina la Bi Mkubwa.

"Huyu akifa," aliniambia, safari hii bila kucheka, "usingoje nikuambie."

Nilikimbia kwa Dresa, yule mtumishi wa hospitali aliyefunga vidonda, nikamwomba mafuta ya nyonyo, ile dawa ya kulainisha tumbo.

"Mimi natibu watu, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Nipe kipimo cha mtu mdogo sana."

Alinipa, akitikisa kichwa. Nikamtia Bi Mkubwa mafuta matone machache, nikamsimamisha wima, nikalikanda gole taratibu kwa vidole, kama mtu anayelainisha donge la unga. Usimwinamishe kuku wa namna hiyo kichwa chini, maana yaliyo kwenye gole humwingia njia ya pumzi. Siku nzima nilimpa maji tu.

Sasa vijiwe. Mchanga ulikatazwa, lakini vyungu havikukatazwa. Chungu changu cha maji, nilichopewa na mama, kilikuwa na ufa. Nilikivunja, nikavitwanga vigae mpaka vikawa kama punje za mtama. Nilitaka kuwagawa kuku, nusu nisiwape, ili nijue kwa hakika. Nikamkumbuka yule mzee wa wake wawili, nikawapa wote. Walividonoa kana kwamba ni kumbikumbi.

Siku ya tatu gole la Bi Mkubwa lilikuwa tupu alfajiri. Mpishi Mkuu akasimama mlangoni mwa banda, akaokota kigae.

"Unawalisha chungu?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

Nilijua ananipima tena. "Swali ni lako la siku ya kwanza," nilisema. "Jibu unalo mkononi."

Alikitia kigae mfukoni. "Haya. Fagia, lakini hivyo viache."

Sikurudi Kharumwa. Kutoka hapo nilihamishiwa jiko la hospitali ya Shinyanga, kisha shamba la mafunzo ya mifugo chini ya Bwana Mifugo aliyechukia maswali, na mwisho, nikiwa na mvi, nikaingia chuo kikuu, ambako niliona darasani firigisi ikipasuliwa na kuelezwa kwa dakika tano. Nimefundisha ufugaji mpaka kustaafu. Wanafunzi niliowapenda ni wale walioniudhi kwa kuuliza.

Baada ya kustaafu nilimtembelea yule Dresa huko Maganzo, kwa mwanawe. Tulicheka kuhusu mafuta ya nyonyo. Nikamwambia jinsi Mpishi Mkuu alivyonitisha kwa swali lake.

"Alituuliza wote," alisema Dresa. "Hata mimi, hata dereva wa lori. Kabla yako kuku aliowafungia bandani walikwisha kufa mara mbili. Mayu, yule hakuwa akikupima. Alikuwa hajui."