Gauni la Shangazi Moraa Lilivyoshtakiwa kwa Radi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu upande wa Itumbe, nilijua kwamba radi hupenda rangi nyekundu. Sikufundishwa shuleni. Mawingu yakianza tu kukusanyika, Nyanya Bosibori alifunika kioo kwa leso, akaingiza sufuria zote zilizokuwa uani, kisha akapaza sauti: "Aliyevaa chekundu akivue!" Nasi tulivua, hata utepe wa nywele. Milima yetu na radi ni majirani wa siku nyingi. Hakuna kijiji kisicho na mti uliopasuliwa katikati, wala ukoo usio na mtu wa kusimulia.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Shangazi Moraa, dada mdogo wa baba, alirudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, na kicheko chake ulikisikia ukiwa bado kituo cha chai. Ndani ya sanduku lake la bati mlikuwa na gauni jekundu alilolishona mwenyewe chuoni, lenye zipu mgongoni na mfuko mmoja mdogo usioingia hata kidole gumba. Lilimwishia juu ya magoti. Mimi sikuwa nimeona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe.

Alilivaa Alhamisi tukipeleka majani ya chai kituoni. Foleni nzima ya wanawake wenye vikapu mgongoni iligeuka kutazama. Mbele yetu alisimama Mzee Nyakundi, jirani yetu na mzee wa kanisa. Alimtazama Moraa kuanzia miguuni, akaishia hapohapo miguuni, kisha akamgeukia nyanya, ambaye kijiji kilimwita kwa jina la baba yangu.

"Mama Ogeto, huyu mtoto wako chuo kimempa gauni ama kitambaa cha kufutia jasho?"

Watu walicheka. Moraa naye alicheka, lakini nilikuwa nimemshika mkono na nilihisi vidole vyake vikikaza.

Nyumbani, nyanya hakumgombeza. Alikaa kwenye kigoda chake jikoni, akasema, "Urefu wake nitauzoea, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikua kabla ya hizi nguo za misheni, na hakuna aliyeanguka kwa kuona goti langu. Rangi ndiyo inaniogopesha. Huu ni msimu wa mvua. Liweke sandukuni."

Moraa alimheshimu mama yake. Akalikunja, akaliweka.

Jumamosi ni Sabato kwetu, na siku hiyo wote walienda kanisani isipokuwa mimi, kwa sababu kidole changu cha mguu kilikuwa kimevimba. Nilivumilia hadi mchana. Kisha nikaenda kwenye lile sanduku, nikichechemea kama mwizi aliyekwisha kupigwa, nikafungua.

Hadi leo nikilikumbuka gauni lile likipita kichwani mwangu, moyo hunidunda. Lilikuwa baridi, likanukia sabuni ya kuogea. Lililokuwa fupi kwa shangazi, kwangu lilifika karibu na vifundo vya miguu. Nilipandisha zipu kwa shida, nikatoka mbio hadi migombani, kidole kikiwa kimepona ghafla. Nilijizungusha katikati ya migomba hadi majani yakawa duara moja la kijani. Nilikuwa mwalimu. Nilikuwa bibi harusi. Nilikuwa Moraa mwenyewe, nikiisalimu migomba yote kwa majina ya watu wa foleni, na mgomba mmoja uliopinda nikauita Mzee Nyakundi, nikaupita bila salamu.

Sikuona mbingu zilivyogeuka. Tone la kwanza liliponipiga puani, ndipo nilipokumbuka nilichovaa.

Nilishika zipu. Ikakataa. Nikaivuta, nikarukaruka, nikaililia, ikang'ang'ania hapohapo. Mvua ya mawe ilishuka ikipasua majani ya migomba kama mtu anayechana magazeti, na mimi nikawa nakimbia bila kujua niendako, kwa maana nyumbani kulikuwa na kioo na hakuna aliyekifunika. Kisha dunia yote ikawa nyeupe. Mlio ulifuata papo hapo, na ardhi ikaruka chini ya nyayo zangu.

Nilipofumbua macho, mkaratusi wa mpakani, upande wa kwa Mzee Nyakundi, ulikuwa ukifuka moshi. Chini yake walilala maksai wake wawili, miguu imenyooka. Nilifika nyumbani sijui vipi. Gauni nililitoa kwa kulipitisha kichwani kwa nguvu, mshono ukilalamika, nikalisukuma sandukuni likiwa limelowa. Jioni nzima nilijifanya naumwa kidole. Nilikuwa nimeua ng'ombe wawili, na niliamini hivyo kabisa.

Asubuhi ya Jumapili, watu kama kumi na watano waliingia uani kwetu, Mzee Nyakundi mbele. Mkewe, Kemunto, aliyekuwa amebaki nyumbani na mtoto mchanga, ndiye aliyetangulia kusema.

"Nilikuwa mlangoni kwangu mawe yakianguka. Nimeona chekundu kikikimbia migombani kwenu. Nimekiona kwa macho haya. Kisha radi ikapiga."

"Nyekundu hapa kijijini ni moja," alisema Mzee Nyakundi. "Tulinyamaza msichana alipotembea uchi mbele ya wazazi wake. Sasa mbingu imesema. Gauni lichomwe hapa, naye apige magoti mbele ya kanisa. La sivyo, barua ya kanisa iliyomwingiza chuoni tutaiandika upya."

Baba alikuwa Kericho kazini. Palikuwa na nyanya, mama yangu na Moraa tu. Na mimi nyuma ya mlango.

"Nilikuwa kanisani," Moraa alisema.

"Ulitoka kabla ya mvua."

"Ilinikuta njiani, tata." Hivyo ndivyo tulivyowaita wanaume wa rika la baba. "Nilijikinga kwenye kibanda cha kituo cha chai."

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyekuwa amemwona. Moraa aliingia ndani akisema gauni liko sandukuni tangu Alhamisi, waje walione jinsi lilivyo kavu na lilivyokunjwa. Alitoka na sanduku, akalifungua mbele yao. Maji yalidondoka. Vipande vya jani la mgomba vilikuwa vimeganda kifuani mwa gauni.

Watu waliguna. "Ee Nyasae!" Kemunto alisema, akimwita Mungu, mikono kichwani.

Moraa hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, pale kwenye ufa wa mlango, na nikaona kwamba amejua. Nilimngoja aseme. Angeweza kusema jina langu tu akawa huru, na masomo yake yakawa salama. Akafunga mdomo. Mzee Nyakundi akaagiza kiberiti.

Sikuwa mtoto jasiri. Sijui ni nini kilichonitoa nyuma ya mlango ule.

"Ni mimi," nilisema. "Nililivaa mimi. Zipu ilikataa. Ng'ombe nimewaua mimi."

Watu wote walinigeukia. Kisha Kemunto akaanza kucheka. Akanipima kwa macho, akalipima gauni, akasema, "Kweli, yule alikuwa mfupi! Nikadhani ameinama kwa mvua." Wengine wakacheka. Hata Mzee Nyakundi uso ulilegea. Alinipapasa kichwani kwa mkono mzito.

"Mtoto ni mtoto. Usilie. Radi ni kazi ya Mungu."

Nami, kwa furaha ya kuokoka, nililia zaidi. Watu walianza kugeuka kwenda. Ndipo Moraa aliposema:

"Tata, kiberiti kimefika. Mbona hamchomi?"

Mzee alisimama.

"Gauni ni hilihili. Mvua ni ileile. Ng'ombe wamekufa palepale. Sasa hivi lilikuwa limewaua. Mara hii imekuwa kazi ya Mungu?"

Aliyeleta kiberiti akakitia mfukoni. Nyanya, ambaye hofu ya nyekundu ilikuwa ndani ya mifupa yake, aliinuka polepole.

"Mimi naamini nyekundu huita radi," alisema. "Nimeamini hivyo maisha yangu yote. Kwa hiyo kama kuna wa kupiga magoti kanisani, ni huyu mjukuu wangu. Semeni, apige."

Mzee Nyakundi alitazama chini, akatazama mkaratusi wake ulioungua, akasema ana ng'ombe wa kuzika. Wakaondoka mmoja mmoja. Barua haikuandikwa upya. Moraa alimaliza chuo, akafundisha miaka mingi.

Mchana ule nilimfuata kwenye chai. Nilitarajia anishukuru, au anichape. Alikuwa akichuma kwa kasi, hakuinua uso.

"Wamekusamehe wewe, Kwamboka," alisema. "Mimi hawajanisamehe."

Sikumwelewa. Kesi si ilikuwa imekwisha? Nilielewa nikiwa na miaka kumi na minne, mwaka wa jua kali. Sikuwa na chochote chekundu. Nilikuwa na sketi ya shule iliyopanda kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imerefuka kuliko mfuko wa baba. Mzee Nyakundi, yuleyule aliyenipapasa kichwani, alinisimamisha njiani mbele ya watu, akasema wasichana wa kutembea hivi ndio wanaozuia mvua. Niliivuta sketi chini kwa mikono miwili. Msamaha wa ile Jumapili haukuwa wangu. Ulikuwa wa utoto, na utoto nilikuwa nimeuacha bila hata kujua ni lini.

Nilimwandikia Moraa barua ndefu yenye madoa ya machozi, nikamweleza yote. Jibu lake lilikuja na basi baada ya wiki mbili, karatasi moja, mstari mmoja: "Karibu ukubwani, mwanangu. Usinyamaze."

Sasa nimezeeka, na nitakiri kwamba mvua ikitanda bado sivai nyekundu. Nyanya alinilea vizuri mno. Lakini binti yeyote akishtakiwa mbele yangu kwa alichovaa, mimi huuliza kwa sauti ingekuwaje kama angekuwa amekivaa mtoto wa miaka tisa. Mara nyingi watu hukasirika. Mara chache hunyamaza, na hao ndio ninaosimama nao kuzungumza.