Waya wa Muhali

Baya Kombe ni fundi wa umeme wa magari, na sijaona fundi mwenye maringo kama yeye. Mteja akimwachia gari hukatazwa kusimama karibu. Waya zake huzifunga pamoja kwa tepu nyeusi, zikalala sawasawa chini ya zulia, na akimaliza huwaita wapita njia waje waone. Alitoka kwao Kaloleni akiwa kijana, akaoa, akazaa, akaota mvi, na miaka yote hiyo alifanyia kazi chini ya ukuta mmoja hapa Kibokoni, katika Mji wa Kale, mkabala na dirisha langu.

Ukuta ni wa Mzee Zakariya. Hakumtoza kodi hata siku moja, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Pampu ya nyumbani ikikataa kupandisha maji, aliitwa Baya. Mashine ya kufulia ikinguruma, Baya. Aliacha gari la mteja boneti wazi akapanda ngazi, na hakuna aliyemshikia fimbo. Aliona muhali tu.

Watu wetu wanausifu muhali, wanauita ustaarabu. Mtu akikutendea wema huwezi tena kumwambia la, hata akuombe jambo la kukuangamiza. Mimi nauita maradhi, na atakayeudhika na audhike.

Mwaka jana Khubaib, mwanawe Zakariya, alinunua gari jeupe la kukodisha harusini, liongoze msafara kwa muziki. Akaleta spika kubwa na amplifaya. Baya akamweleza kwamba waya za gari ziliwekwa kwa ajili ya redio ndogo iliyokuja nalo. Muziki wa namna hii wataka waya wake mwenyewe, mnene, wa shaba, utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwekwe pale pale kando ya betri, ili mambo yakizidi ikatike fyuzi kabla waya haujashika moto. Khubaib akasema waya anao. Akautoa, mwekundu, mnene kama kidole gumba.

Baya akaukata ncha kwa koleo, akaumenya. Unene wote ulikuwa plastiki. Ndani mlikuwa na nyuzi chache za alumini zilizopakwa rangi ya shaba.

"Huu mimi siufungi," akasema. "Kaanikie nguo."

Khubaib akaingia ndani, na punde babake akatoka, kikoi kiunoni, tasbihi mkononi. Mimi nilikuwa dirishani nachambua mchele, nikasikia kila neno.

"Baya, baba, nasikia mumekosana na nduguyo."

"Hatukukosana, mzee. Waya ni mbovu. Utashika moto."

"Mkono wako wewe hauharibu kitu, Mombasa nzima yajua. Harusi ni Jumamosi na kijana amekwisha kuahidi. Mimi mwenyewe n'nakuomba. Utanivundia heshima mbele za watu?"

Alimvika kilemba cha ukoka, kisha akaketi barazani amtazame. Nikashindwa kunyamaza.

"Baya, si umesema mwenyewe ni mbovu?"

"Fadhiya," Zakariya akanijibu bila kuinua kichwa, "tazama chungu chako."

Baya aliushika ule waya kitambo. Kisha akachuchumaa akaanza kazi. Aliulaza vizuri mno, kona kwa kona, kana kwamba uzuri wa kuulaza ungeubadilisha ukawa shaba. Hata fyuzi aliweka kubwa, isiyokatika upesi, kwa sababu Khubaib alimsimamia akisema hataki muziki umfie njiani. Nilimkasirikia Baya siku ile, na mpaka leo sijaacha. Alijua, na akafanya.

Jumamosi alasiri gari likatangulia, limejaa shangazi na dada za bibi harusi, muziki unatikisa madirisha. Mimi nilifuata nyuma na kigari changu, nimebeba masufuria ya biriani, maana shughuli ile niliipikia mimi. Tulipofika Ndia Kuu waliomo ndani wakaanza kusikia harufu ya moshi. Sasa nani angeshtuka? Kila mwanamke mle ndani alikuwa amejifukiza udi tangu asubuhi, nguo na nywele. Walicheka, wakaulizana nani kati yao aliyejifukiza udi wa bandia. Walipokuja kujua, zulia lilikuwa tayari linawaka chini ya miguu yao. Wote walitoka wazima ila shangazi mmoja aliyeungua mguu vibaya, ambaye mpaka leo hutembea kwa mkongojo. Gari liliteketea lote pale barabarani, na spika zake.

Kesho yake wanaume wakakusanyika barazani kwa Zakariya. Baba wa bibi harusi akauliza ni nani aliyefunga waya.

"Baya," Zakariya akasema.

"Na waya wenyewe ulitoka wapi?"

"Hayo ya waya ayajua fundi."

Wote wakamgeukia Baya. Nilikuwa nimeshika chuma cha dirisha, namwombea afungue kinywa. Alimtazama Zakariya, na Zakariya akakitazama kikombe chake cha kahawa.

"Kazi ni yangu," Baya akasema.

Alidhani akimsitiri mzee, mzee naye atamsitiri. Masikini! Hata kahawa haijapoa Zakariya alimwambia mbele ya wote kwamba ni vyema apumzike na ukuta ule mpaka nyoyo za watu zitulie. Nilimwendea mama wa bibi harusi nikamsimulia niliyoyasikia. Aliniamini. Akashusha pumzi, akaniambia, "Sasa mwanangu, tugombane na Zakariya kwa ajili ya fundi?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Siku hizi Baya yuko Kibarani, kando ya barabara, anatengeneza taa za malori katika vumbi. Hakuna mtu wa Mji wa Kale anayempelekea gari. Wakitaka kumtisha kijana anayependa muziki wa gari humwambia, "Utampata Baya wako." Amepungua mwili, na hawaiti tena watu kuja kuona kazi yake.

Mimi humpelekea kigari changu, waseme watakavyo. Juzi taa zilikataa, nikaenda. Alikuwa ananifungia waya, gari jipya jeusi likasimama karibu nasi. Akashuka Khubaib, na nyuma yake Zakariya, kanzu ameikunja isiguse vumbi.

"Baya, baba, tumekutafuta kweli," Zakariya akasema. "Kijana amepata gari jingine, na spika zimo ndani. Kazi hii hatumwamini mwingine." Kisha akapunguza sauti. "Na safari hii waya kanunue mwenyewe. Ule mzuri."

Kwa hivyo amekiri. Siku zote alijua! Nikashika mlango wa gari nisije nikamrukia mtu mzima.

Baya akapangusa mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Mzee, nina ombi moja tu. Siku mkikaa barazani, waambie waya ule haukuwa wangu. Jina langu limekufa kule."

Zakariya akatabasamu, akamwekea mkono begani.

"Hayo yamepita, Baya. Tuyafukue ya nini? Mimi na wewe si watu wa kuwekeana hesabu."

"Baya!" nikapiga kelele, ili malori yasinizime sauti. "Mwambie la! Umeshafukuzwa, waogopa nini tena? Mwambie la, hata mara moja katika maisha yako!"

Baya hakunitazama. Aliinama akaokota koleo lake.

"Fungua boneti," akamwambia Khubaib.